Chapati za Jumapili, Alfajiri ya Alhamisi

Shangazi yangu hakungoja viazi vianze kuoza ndipo avianike. Viazi vitamu vilipokomaa, vikiwa na utamu wao wote, yeye na wanawake wenzake walikaa kivulini wakamenya, wakakata vipande vyembamba, wakavitandaza juu ya mwamba unaopigwa na jua tangu asubuhi mpaka jioni. Hiyo ndiyo michembe. Vingine vilichemshwa kwanza, vikakatwa, kisha vikaanikwa, vikawa matobolwa. Kiazi chenye dosari kililiwa siku hiyo hiyo au kikapewa mifugo. Mwambani hakikupanda.

Nimeanza na shangazi kwa sababu kwetu Dutwa leo kuna friza, dukani na katika baadhi ya nyumba, na wengi wetu tunazitumia kinyume kabisa na alivyofanya yeye. Andazi linakaa kwenye bakuli siku ya kwanza, siku ya pili linaanza kukakamaa, siku ya tatu mtu anasema, "Lisije likaharibika, litie kwenye friza." Wiki ikipita linatolewa likiwa gumu, lina maji maji juu, na linanuka samaki. Hapo tunalaumu baridi. Lakini friza hushika kitu kama kilivyokuwa siku kilipoingia: ukiiwekea andazi lililolala, itakutunzia andazi lililolala. Ukiiwekea andazi la saa mbili zilizopita, miezi miwili baadaye itakurudishia karibu lile lile.

Ninaamini jambo hili linatuhusu zaidi sisi wa mkoa wa pamba kuliko watu wa mjini, ambao mkate wao uko duka la pili kutoka mlangoni. Mvua za Novemba na Desemba zikishika, pamba inapandwa. Januari na Februari ni palizi. Mama wa nyumba anatoka saa kumi na moja alfajiri jembe begani, na watoto wanatakiwa wale kitu kabla ya kwenda shule. Kukanda unga saa kumi usiku kila siku ni adhabu. Kukanda mara moja, Jumapili mchana, kwa moto mmoja na mikono miwili ya kusaidia, ni kazi ya kawaida. Friza inakusogezea Jumapili hiyo mpaka Alhamisi.

Kwanza tuachane na kosa moja linalofanywa hata na watu wenye majiko mazuri: kuweka mkate, chapati au maandazi kwenye rafu za kawaida za friji. Wengi hudhani kwamba mkate unakakamaa kwa sababu unapoteza maji. Si hivyo tu. Mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate uliofungiwa mahali hewa isipopita, usiopoteza unyevu wake, bado unakakamaa. Akaonyesha pia kwamba ukiupasha moto kufikia nyuzi 60 hivi, unalainika tena. Siri iko kwenye wanga. Unga ukiiva, chembe za wanga hunywa maji na kulegea. Zikipoa hujipanga upya, hushikana, na kitu kizima kinakuwa kigumu. Kujipanga huko huenda mbio zaidi katika baridi iliyo juu kidogo ya kuganda, na baridi hiyo ndiyo iliyomo ndani ya friji. Ukishuka chini ya kuganda, kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kunakaribia kusimama kabisa.

Kwa hiyo chapati ya leo ina mahali pawili pa kukaa: mezani, imefunikwa, kwa siku moja; au kwenye friza. Rafu ya friji iachie maziwa, mboga, nyama na vile vyenye nyama au krimu ndani yake, maana hivyo usalama wake unatangulia ulaini.

Sasa kazi yenyewe, na inaanzia kwenye ungo. Chakula cha moto hakifungwi. Nimewahi kuwa na haraka ya safari, nikatia maandazi arobaini ya vuguvugu kwenye mfuko, nikafunga, nikayasukumia kwenye friza. Mvuke wake haukuwa na pa kwenda. Uligeuka maji ndani ya mfuko, maji yakageuka theluji, na siku ya kuyatoa theluji hiyo iliyeyuka ikaingia kwenye ganda la maandazi, yakawa kama yaliyochovywa kwenye chai. Tangu hapo natandaza juu ya ungo, kimoja kando ya kingine bila kupandana, nafunika kwa kitambaa chepesi cha pamba kuzuia nzi. Ungo una nafasi kati ya nyuzi zake, hewa inapita chini na juu. Sahani au sinia huufanya upande wa chini utoe jasho. Saa moja hadi saa mbili kwa maandazi. Mkate mzima wa kilo hudai saa tatu, maana moyo wake unapoa mwisho. Gusa chini, si juu. Pakiwa baridi chini, funga. Usiviache mpaka kesho yake. Usiku ule mmoja ndio unaokuibia ulaini.

Chapati inastahili maneno mengi, kwa kuwa ndiyo inayofaidika zaidi na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Iko njia ya kuzipika zikaiva kabisa, kuzipoza na kuzigandisha. Inafaa, na kwa nyumba yenye watoto wa kujipashia wenyewe ndiyo ninayoishauri. Lakini iko njia ya pili ambayo mtu akiijaribu harudi nyuma, nayo ni kuzipika nusu. Kanda unga wako kama kawaida, mafuta usiyabanie, maana mafuta huchelewesha kukakamaa. Sukuma. Weka kwenye kikaango kikavu chenye moto wa wastani, bila mafuta, mpaka upande wa chini ubadilike rangi uwe mweupe mkavu wenye madoa machache. Geuza, fanya vivyo hivyo. Chini ya dakika moja kila upande. Isiwe na rangi ya kahawia. Poza, panga, gandisha. Siku ya kula, itoe ikiwa imeganda vile vile, iweke kwenye kikaango cha moto, sasa ndipo utie mafuta, na iive mbele ya mlaji. Harufu inayotoka ni ya chapati iliyokandwa asubuhi hiyo.

Katika kupanga ndipo watu wengi wanakosea. Chapati kumi zilizopandana bila kitu katikati zitakuwa gogo moja. Utazichokonoa kwa kisu mpaka ukate nusu yake. Weka karatasi kati ya moja na nyingine, ile ya kuokea kama unaipata Bariadi mjini, au nailoni safi ya chakula iliyokatwa duara. Gazeti usiweke, wino wake si wa kula. Fungasha kwa idadi ya mlo mmoja: nyumba ya watu sita, vifurushi vya sita au kumi na mbili. Kifurushi kikubwa kitafunguliwa na kufungwa kila siku, na kila kukifungua unakaribisha hewa yenye unyevu.

Wanawake wa pwani wana hila ambayo tunaweza kuichukua kama ilivyo. Zanzibar na Mombasa, Ramadhani inapokaribia, sambusa na katlesi hutengenezwa kwa mamia na kuwekwa tayari. Hazitupwi mfukoni mbichi zikagandamana. Zinapangwa kwanza kwenye sinia, zisigusane, sinia inaingia kwenye friza saa mbili tatu mpaka kila moja iwe ngumu peke yake, ndipo zinakusanywa mfukoni. Baada ya hapo unaweza kutoa tano ukaacha hamsini bila kuvunja chochote. Fanya hivyo kwa maandazi, kwa skonzi, kwa vipande vya keki. Sambusa hiyo haiyeyushwi kabla ya kukaangwa: inatoka kwenye friza inaingia kwenye mafuta ya moto wa wastani, si mkali, ili nyama ya ndani ipate moto kabla manda haijaungua.

Maandazi yenyewe hayana usumbufu. Yale ya nazi au yenye mafuta na sukari ya kutosha hudumu laini kuliko yale ya maji na chumvi. Yatoe, yaache ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa saa moja au mbili. Nasisitiza ndani ya mfuko: kitu baridi kikikutana na hewa ya joto hutoa jasho, na afadhali jasho hilo likae nje ya nailoni kuliko kwenye ganda la andazi. Kisha yatie kwenye sufuria kavu yenye mfuniko, moto mdogo, dakika nane hivi, ukiyageuza. Hapo unafanya kile kile Boussingault alichokiona: joto linaufungua wanga uliojikaza. Ila ujue kwamba wanga huo ukipoa tena utakakamaa haraka kuliko mwanzo. Pasha yatakayoliwa, si yote.

Mkate ukate vipande kabla ya kuugandisha, kila kipande kitapanda kwenye kikaango moja kwa moja. Keki isiyo na urembo juu, hata ile tunayooka kwa sufuria ndani ya mchanga na kupalia makaa juu ya mfuniko, hukaa miezi miwili mitatu vizuri sana. Wanaooka keki za harusi za baada ya mavuno wangejipunguzia usiku mwingi wa kukesha kama wangeoka wiki mbili kabla na kuzipamba siku ya mwisho. Kitumbua huvumilia, lakini mchele hukakamaa kuliko ngano, hivyo kipitishe kwenye mvuke na si kwenye sufuria kavu. Donge bichi lenye hamira linaweza kugandishwa pia. Baridi huua sehemu ya hamira, basi ongeza kidogo wakati wa kukanda, ligandishe kabla halijaumuka, na litumie ndani ya wiki tatu au nne. Mimi silipendi sana. Kilichoiva kina uhakika zaidi.

Kuhusu mifuko kuna jambo la kwetu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, kwa hiyo wale waliozoea kufungia kila kitu kwenye rambo hawana tena njia hiyo. Baadhi yao wamehamia kwenye mifuko mbadala, ile kama kitambaa. Kwa sokoni ni mizuri. Kwa friza haifai hata kidogo, kwa sababu inapitisha hewa. Hewa ya friza ni kavu mno. Inanyonya barafu iliyomo ndani ya chakula na kuigeuza mvuke bila hata kupitia kuwa maji, na andazi linatoka na mabaka meupe yenye ladha ya karatasi. Unachohitaji ni kitu kisichopitisha hewa na kinachobana chakula. Makopo ya aiskrimu na ya siagi yenye mfuniko mzima yanafaa. Mfuko wa mkate wa dukani, uliokuja na chakula, ukiugeuza, ukauosha, ukaukausha kabisa juani, unafaa pia. Tia kifurushi chako, kamua hewa yote kwa viganja, sokota mdomo, funga kwa mpira. Ukiweza tumia miwili, mmoja ndani ya mwingine.

Nailoni moja nyembamba haizuii harufu. Friza nyingi za hapa kwetu, njiani kwenda Lamadi, zina kazi nyingine kabla ya maandazi yako: kuna barafu za kuuza, kuna soda, na kuna sato na sangara waliopanda na barabara ya lami kutoka ziwani. Mkate ni kama sifongo, unafyonza harufu. Samaki wabichi wakae chini kabisa, ndani ya chombo chenye mfuniko ili maji yao yasimwagikie chochote. Vya ngano vikae juu, ndani ya kopo gumu. Kama huna friza na unakodi kona kwa mwenye duka, uliza kwanza nini kingine kiko humo, na peleka kopo lako mwenyewe lenye jina.

Andika tarehe pia. Kipande cha karatasi ndani ya mfuko, kimeandikwa kwa kalamu ya risasi, hakifutiki. Baada ya miezi mitatu chakula hakiwi sumu kama baridi haikukatika, ila ladha inaondoka.

Je, friza yako ina baridi ya kutosha? Ile friji ndogo ya mlango mmoja yenye kijumba cha barafu juu haina nguvu sawa na friza ya kulala. Tazama nyota zilizochorwa kwenye mlango wa kijumba hicho. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, weka vitu kwa wiki moja. Nyota mbili ni nyuzi 12, mwezi mmoja. Nyota tatu ni nyuzi 18, na hapo ndipo miezi mitatu ninayoitaja inapowezekana. Usiijaze kwa siku moja. Kwa kila lita 100 za nafasi, kilo tatu hadi tano za vitu vipya kwa siku zinatosha. Ukizidisha, kila kitu kinaganda polepole, vipande vya barafu ndani ya chakula vinakuwa vikubwa na kupasua ulaini wake, na vile vya zamani vinapata joto.

Gharama usiikisie. Soma yuniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU leo saa moja jioni, soma tena kesho saa moja jioni, kisha fanya hesabu hiyo hiyo kwa siku ambayo friza haijawashwa. Wateja wa majumbani wenye matumizi madogo, yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, wamewekewa bei ya chini, na friza inayokula yuniti moja kwa siku peke yake ni yuniti 30. Inaweza kuwa ndiyo inayokuvusha mstari. Kwa nyumba moja huenda isilipe. Kwa majirani watatu, au kikundi cha akina mama wanaoweka na kukopa pamoja, hesabu inabadilika kabisa.

Halafu kuna kukatika kwa umeme, hasa radi za masika zinapoanza. Hili ndilo linalowafanya wengi waogope, na hofu hiyo ina msingi, lakini ina dawa. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi yake kwa karibu saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Tofauti hiyo inakupa la kufanya: usiache nafasi tupu. Jaza chupa za maji, acha vidole viwili juu maana maji yakiganda hutanuka, zipange palipo wazi. Chupa hizo ni akiba ya baridi. Umeme ukikatika, kataza watoto kufungua. Kufungua "kuona kama bado" ndiko kunakoharibu. Tandika blanketi juu yake, bila kuziba nyuma penye mota. Umeme ukirudi ghafla huweza kuja na nguvu isiyo sawa, basi ichomoe ukutani mara unapokatika, na ukirudi subiri dakika kumi au zaidi, ndipo uirudishe.

Na kama ulikuwa safarini, utajuaje kilichotokea? Gandisha kikombe cha maji, kikishakuwa barafu weka sarafu ya shilingi mia juu yake, kirudishe. Ukirudi ukaikuta sarafu juu, hapakuwa na shida. Ukiikuta imezama katikati au chini, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na kila kitu humo kimepitia hali hiyo hiyo.

Hapo tofautisha. Chapati, maandazi na mkate visivyo na kitu ndani, vikiwa bado baridi, vinaweza kugandishwa tena mara moja, vitapungua ubora tu. Ama vipashe vyote viliwe siku hiyo. Sambusa za nyama, keki ya krimu, mkate wenye kujazwa mayai: vikiwa vimefikia joto na kukaa hivyo zaidi ya saa mbili, tupa. Inauma, najua bei ya nyama. Lakini friza haiui vijidudu, inavilaza tu, na vikiamka vinaendelea pale vilipoishia. Vivyo hivyo kwa ukungu: andazi lenye doa la kijani haliokolewi kwa baridi wala kwa kukwanguliwa.

Kuna swali ambalo wazee wetu huuliza, nalo ni la haki. Mama mkwe wangu alipokuja kwetu msimu wa palizi nilimwekea chai na chapati, akajua kwamba sikukanda asubuhi ile.

"Mwanangu, kumbe unamlisha mgeni kiporo?"

"Mama, hiki hakijalala. Kilisimamishwa Jumapili, kikiwa kimetoka jikoni."

Akaikunja, akaimega, akaitazama tabaka kwa tabaka kama anayekagua nguo sokoni. "Kama michembe, basi," akasema, akachovya kwenye chai. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu michembe.

Siku hizi, usiku kabla ya kwenda shambani, natoa chapati sita zilizoiva kabisa na kuziweka kwenye bakuli lenye mfuniko, ndani ya mfuko wake, mahali sisimizi na panya hawafiki. Alfajiri zimeshalegea. Binti yangu mkubwa ameshafundishwa: kikaango kikavu, moto mdogo, hakuna mafuta ya kurukia mkono, dakika moja upande huu na moja upande ule, kisha zinarundikwa ndani ya hotipoti na kufunikwa dakika tano ili ziloweshane kwa mvuke wao. Wadogo zake wanakula zikiwa moto. Mimi wakati huo nimeshamaliza mstari wa kwanza wa pamba.